Mizani ya Katani, Pongwe

Bwana Mifugo alisema: usidanganywe na manyoya,
papasa mbavu. Zikijificha, kanenepa;
zikichomoza kama meno ya kitana, ana njaa.

Nimempapasa Tajiri. Zipo,
kama kokwa za ukwaju ndani ya ganda.

Lakini Mhando, karani wa stoo, haamini vidole.
"Mbebe. Panda."
Mizani ya marobota ikayumba, ikatulia:
themanini na moja.
"Mshushe."
Nikabaki mimi, buti, rungu na koti la lindo:
hamsini na nane.

Akatoa kwa chaki, sakafuni.
"Ishirini na tatu. Mbwa mzima huyu."
Kisha akautazama mkanda wangu,
tundu jipya nililotoboa kwa msumari.

Tajiri alikuwa ananilamba vidole,
vinanuka dagaa wa jana,
fungu langu.