Mpira wa Tatu

Mara ya kwanza sikushangaa.
Jua la kaskazi pale Tudor halina huruma na mpira.
Landrova ililala uani miezi mitatu,
mikono ya waipa kifudifudi juu ya kioo
kama mtu aliyepitiwa na usingizi sijdani.
Nilipoukunja ule ulimi kwa kidole ulikatika,
ukaniachia masizi kwenye ukucha.
"Chumvi," alisema shangazi Somoe, "na ubahili wako."

Akanituma Mwembe Tayari, kwa Gulamali,
ambaye hamuuzii waipa nzima mtu anayemheshimu.
"Fremu yako bado nzima. Nunua ulimi tu."
Akatoa rula ya chuma, akanikatia
inchi kumi na tatu na nusu, mara mbili.

Shangazi alinisimamia, kanga ya jikoni begani.
Kwanza tandika taulo kwenye kioo,
maana mkono mtupu ukiponyoka
hushuka chuma kwa kioo, na kioo hakijui pole.
Minya kibano cha mwisho kwa koleo. Vuta ulimi mzee
utoke na vile vibati viwili vyembamba.
Vibati usitupe! Vibati ndio uti wa mgongo.
Tazama vimepinda upande gani kabla hujasahau,
vipanguse kutu, uvivike mpira mpya,
telezesha, ukucha kwa ukucha, mpaka usikie tik.
Nikamwaga maji ya kopo. Fyuu, fyuu.
Kioo kikacheka.

Mara ya pili, mwezi haujaisha.
Tunashuka Makupa magharibi, manyunyu tu ya nje ya msimu,
taa za malori ya bandarini zimetukabili,
na shangazi akaupiga usukani:
"Unaacha ukungu! Gulamali katuuzia mpira wa ndara!"
Nilitazama. Upande wangu kioo kilikuwa kioo.
Nikanyamaza, kwani abiria hana jicho la dereva.
Nikaenda, nikanunua, nikabadilisha,
nikakisugua na kioo chenyewe kwa siki na gazeti,
maana mafuta ya barabarani hushika
kama ukoko wa wali.

Mara ya tatu
haikuwa hata na mvua.
Alfajiri, foleni ya Kibarani, anga kavu,
yeye akawasha waipa.
Kwiii. Kwiii. Kwiii.
Mwanamke aliyeniambia mara mia
kwamba waipa kavu ni kujikuna kwa wembe.
"Bado ukungu," akasema, kwa sauti ya chini.
Akazima. Akawasha tena.

Nikashuka na kitambaa, nikapangusa kioo nje.
Nikaingia, nikapangusa ndani.
Akanigeukia, na ndipo nilipouona
weupe mdogo katika mboni ya kulia:
mtoto wa jicho, katulia
kama mpangaji asiyedaiwa kodi.
Hakuna kati yetu aliyemtaja.
Tulibadilishana viti pale pale katikati ya foleni,
honi zote za Kibarani zikitutukana.

Daktari wa macho alieleza kwa mikono.
Anatoa kilichochakaa, anauacha mfuko wake,
anatelezesha kipya humo humo.
Shangazi akamsikiliza hadi mwisho.
"Vibati usitupe," akamwambia.
Yule kijana akaniangalia mimi. Nikaangalia dari.

Sasa Mei inaisha, mvua ya mwaka imeshuka kwa hasira,
njia ya kwetu imekuwa mfereji
na ndara za watu zinaelea mguu mmoja mmoja.
Wiki ya tisa tangu bandeji. Usukani anao yeye.
Mimi kushoto, nimepakata mkoba wake,
na waipa ya mbele yangu inalia, inaruka,
inaacha mstari mnene kama mshipi.
"Hilo," anasema bila kugeuka, "si jicho langu."
Nasema ni mvua kubwa.
"Kibati umekivika kinyume."

Anaegesha kando ya duka la mkaa, haizimi injini.
Nashuka na koleo na taulo,
maji yananiingia shingoni mpaka kiunoni.

Kinyume, kweli.