Swali la Kumi na Tisa

Nilipanda Newala na fomu mia mbili na kalamu tatu,
nimetumwa kupima utamaduni wa kujifunza
katika kiwanda cha kubangua korosho.
Moja: sikubali kabisa. Tano: nakubali kabisa.
Meneja alinipa kiti, feni na soda ya baridi,
akajaza yake palepale,
tano, tano, tano,
kama mtu anayegonga muhuri.

Ndani, mguu unakanyaga, mkono unashusha,
ganda linaachia.
Somoe Likwata akanionyesha vidole
vinavyong'aa mafuta ya nyonyo:
"Nisomee, mwanangu. Nikiishika nitaichafua."

Nikasoma la kumi na tisa:
*Hapa kwetu, kosa ni nafasi ya kujifunza.*
"Kosa la nani?"
Fomu haikusema.
"Maana langu mimi linakatwa kwenye kilo.
La wakubwa linaitwa hali ya hewa."
Meza nzima ikaangua kicheko.
Nikaweka mbili.

Kisha, bila kuulizwa, akainama sikioni:
korosho ya Desemba, iliyonyeshewa,
ukiichemsha dakika zilezile za Oktoba
punje inatoka vipande.
Alilisema hilo mwaka juzi, mbele ya msimamizi.
Akaambiwa abangue.
Basi siku hizi hugonga meza mara mbili,
na Mchupa, kijana wa boila,
hufunga mvuke kabla ya saa yake.
Wasichana wapya hufundishwa mlio huo
kabla hawajaonyeshwa choo kilipo.
Ndoo za vipande zimepungua.
Meneja anaisifu mashine.

"Haya, hilo ni swali la ngapi?"
Nikapekua yote arobaini,
mbele, nyuma,
huku wenzake wakiningoja kwa adabu
kama mgeni anayetafuta nauli mfukoni.

Nikaomba nijaribu kubangua moja.
Nikaipasua vibaya, utomvu wa ganda ukanirukia kidoleni.
Hakunicheka. Alinishika mkono,
akaurudisha kwenye mpini, taratibu:
"Sikiliza kwanza. Halafu shusha."
Ya tano ilitoka nzima.

Usiku, gesti, nikajumlisha.
Wastani: tatu nukta moja.
Kidole kilikuwa kinawaka, ngozi imeanza kubabuka,
na fomu yake, pembeni mwa la kumi na tisa,
nje ya visanduku vyote,
ilikuwa na alama ya kahawia, mistari ya kidole ikionekana.

Mkuu wangu akaiinua kwenye mwanga.
"Na hii nini?"
Nikafikiri mlio wa meza, mara mbili.
Nikasema, "Chai."