Umekula?

Mchezoni tunasema nimekula,
tunasema nimeliwa.
Neno la katikati hatuna.

Nyuma ya nganda ya Mama Monga, huku Katuba,
meza yetu ni mlango wa friji iliyokufa,
juu yake ree, wazungu, magarasa,
na noti za franga zilizolegea kama matembele ya juzi.
Novemba. Mvua inapiga bati
hata anayetaja dau lazima alitaje mara ya pili.

Mchana mimi ni mtu wa mizani.
Kwenye depo, njia ya Likasi,
napima mifuko ya wachimbaji,
mawe ya kijani, vumbi lake puani hadi Jumapili.
Kabla ya kila mfuko nagonga sahani mara mbili,
nangoja mshale urudi kwenye sufuri.
Usiporudi, mfuko wa kwanza
unapimwa tena ndani ya mfuko wa pili,
na mtu anaibiwa bila mwizi.

Hilo mkono wangu unalijua.
Lakini usiku ule wa malkia watatu

(niseme ukweli: yule wa kopa
alikuja karata ya mwisho kabisa,
na dau lenyewe nilikuwa nimekopa kwa Numbi,
kopa juu ya kopa)

nilikula laki mbili na nusu.
Nikapanda juu ya kiti.
Nikamwita Numbi mdogo wangu,
ingawa kanizidi miaka sita.
Nikanunua nusu mbuzi, nikamwachia mtu wa pikipiki chenji yote,
nikamwamsha Feza saa nane za usiku
anuse noti.

Kesho yake nikarudi, bado naimba.
Nikacheza karata za jana.
Nikaliwa laki mbili na nusu,
kisha saa ya mkononi,
kisha ada ya Kapya, ile Feza aliyoificha
ndani ya kopo la unga.
Mshale haukuwa umerudi.

Numbi akiliwa hupindua meza,
hutukana mvua, hutukana mama wa mgawaji,
halafu hukaa kimya na kuziokota karata moja moja
kama mtu anayeokota maharage.
Watu humcheka. Mimi simcheki.
Hasira yake ina kelele, unaiona ikija.
Yangu hutabasamu.
Yangu huongeza dau.

Siku hizi naingia na elfu kumi.
Zikiisha, nasimama.
Zikizaa, saa nne ikifika, nasimama pia,
na hapo ndipo miguu inapokuwa mizito zaidi.
Kabla sijafunua karata nagonga goti,
mara mbili, chini ya meza, hakuna anayeona.
Wanasema nimekuwa jiwe.
Jiwe gani?
Ndani mshale unaruka kama kuku aliyechinjwa,
nami sijui kuutuliza.
Najua kuungoja tu.

Jana niliungoja sana.
Nilishika wafalme wawili, wa tatu akalala mezani.
Nikapandisha polepole, kama inavyotakiwa,
na kijana mmoja wa mtaa wa Kenya,
mwenye kofia ya mvua hata ndani ya nyumba,
akaletewa pau yake ya tano.
Nilicheza vizuri, nikaliwa.
Ukikosea unajilaumu, angalau una mtu wa kulaumu.
Hii hamna. Hii unaimeza ikiwa na miba.

Nikamwambia, umecheza. Nikavaa koti.
Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni,
kile kilima cheusi cha taka za shaba
hakikuonekana, wala dohani yake,
nikatembea nikikisia madimbwi,
na mengine nikakosea.

Feza alikuwa macho, mshumaa kwenye kizibo.
Bukari imefunikwa, sombe, kipande cha samaki.
«Umekula?»

Sijui aliuliza lipi.
Nikanawa mikono. Nikakaa.
Nikagonga ukingo wa sahani,
mara mbili.

«Bado,» nikasema.