Ushahidi Namba Saba

Tulifika kwa Malachy Teague saa moja na nusu asubuhi,
mvua ya Februari ikipiga Fermanagh kwa ubavu,
mimi, askari mmoja kijana, na hati ya upekuzi
ndani ya mfuko wa plastiki, isilowe.
Alikuwa anakamua. Hakuzima mashine.
"Subirini," alisema, "ng'ombe hawajui sheria."
Tukasubiri. Ng'ombe arobaini na wawili,
mvuke ukiwatoka puani kama chai ya matanga.

Friji ilikuwa nyuma ya tangi la maziwa.
Ndani: siagi, nusu ya keki ya Krismasi,
na chini ya keki, chupa kumi na tisa.
Nyingine zina maandishi nisiyoyasoma,
nyingine zimebanduliwa lebo, gundi imebaki,
na manyoya yamenasa kwenye gundi.
Vizibo vya mpira vimedungwa, vikadungwa tena,
hata vimekuwa chujio.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Malachy hakuficha maradhi. Alificha dawa.
Maradhi yalikuwa wazi kwa kila mpita njia:
kiwele kilichovimba, maziwa ya mabonge,
barua ya benki iliyochomekwa dirishani mwa trekta.

"Daktari ni pauni themanini," alisema,
"kabla hajavua koti. Yule wa mpakani
anauza kutoka buti la gari, haniulizi jina."
Wala hakupi lake, nikamwambia.
Humu mwaweza kuwa na dawa nusu,
au dawa mara tatu, au maji na chokaa.
Na maziwa hayasemi.
Yenye dawa ni meupe, yasiyo na dawa ni meupe,
lori linayachanganya na ya majirani zako,
kesho yako Omagh, kwenye chupa ya mtoto
ambaye meno hajaota.

Nikauliza: nani alichomwa, lini, kiasi gani?
Sheria inataka daftari.
Nilijua hana. Wengi hawana.
Malachy akatazama buti zake.

Mlango ukasukumwa, akaingia binti,
miaka kumi hivi, sare ya shule
chini ya koti la baba lililommeza vidole.
"Mimi ndiye ninayeandika," akasema Sorcha.

Daftari la hesabu, jalada la bluu.
Kila ng'ombe kwa namba ya hereni yake,
kisha jina: Kofia, Bibi Harusi, Mkorofi.
Tarehe. Mililita. "Chupa ya kifuniko chekundu."
Na pembeni, kwa penseli iliyochongwa vizuri,
siku zimehesabiwa moja moja:
*maziwa yasiuzwe mpaka Alhamisi.*
Hayo aliyasoma kwenye bango letu mnadani,
bango ambalo sijawahi kumwona mtu akilisoma.

Mara tatu Alhamisi imekatwa
kwa wino mzito, na juu yake,
kwa mwandiko wa mtu mzima: *Jumatatu.*

Miaka kumi na minne ninafanya kazi hii.
Sijapata kushika kumbukumbu safi kuliko ile,
wala nzito.
Nikaitia mfukoni, nikafunga lakiri,
nikaandika: ushahidi namba saba.

Malachy ndiye aliyefungua bomba la tangi,
sikuhitaji kumwamuru mara ya pili.
Maziwa yakashika mfereji wa samadi.
Paka akaja mbio, na yeye akamzuia
kwa ncha ya buti, taratibu,
akisema, "Usinywe. Usinywe, we."

Mtoto alitaka risiti.
Nilimwandikia nimeegemea mlango wa friji:
daftari moja, bluu, kurasa thelathini.
Akaisoma yote, midomo ikicheza.
"Ni thelathini na moja," akasema.

Tukahesabu pamoja. Thelathini na moja.
Nikalikata neno langu, nikaandika upya,
na pale nilipokata nikatia sahihi,
kama inavyotakiwa.