Kwenye Nyuzi Kumi na Tano

Simu ilikuja kabla sijavua koti.
Lita elfu moja themanini na mbili hazionekani,
na dereva, Gaston Thibeault, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki
katika bohari ya Marathon, kama mtoto aliyevunja chungu,
anaulizwa amemuuzia nani.

Mimi niko Sarnia, maabara ya chini,
dirisha linatazama Mto St. Clair na barafu yake.
Ng'ambo ni Marekani, wao husahihisha kwa farenhaiti sitini.
Huku ni selisiasi kumi na tano.
Karibu sawa,
ila "karibu" haiandikwi kwenye stakabadhi.

Nikatoa chupa ya sampuli, ileile ya Jumatatu.
Nikamimina kwa kuegemeza silinda, taratibu, povu lisizaliwe.
Nikaizamisha haidromita, nikaizungusha kwa vidole viwili
kama mtu anayemwamsha mgonjwa.
Ikapanda. Ikashuka. Ikatulia.
Nikainama hadi jicho likawa sawa na uso wa mafuta:
usisome pale yanapokwea shingo ya kioo,
mafuta nayo hupenda kujikweza;
soma chini yake.
Kipimajoto, kisha jedwali:
mia nane arobaini na mbili, kwenye kumi na tano.

Sasa safari.
Jumatatu alijaza lita elfu thelathini na nane
mafuta yakiwa bado na joto la mtambo, nyuzi ishirini na nne,
yamenenepa: mia nane thelathini na tano nukta saba.
Wawa wakamfungia barabara.
Siku mbili za theluji, usiku tatu,
amelala kwenye kichwa cha lori, soksi juu ya soksi,
na nyuma yake tangi linapoa bila kumwambia.
Alhamisi, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri:
mia nane sitini nukta mbili.

Zidisha. Gawanya. Rudia, maana mkono ulitetemeka.
Kilo ni zilezile, elfu thelathini na moja mia saba hamsini na saba,
hata moja haikushuka njiani.
Dizeli imejikunyata tu,
kama sisi sote.

Mama yangu, Changamwe, hakuwa na jedwali.
Alinunua mafuta ya taa alfajiri, dumu likiwa na ubaridi wa usiku,
akaliweka juani, akafagia, akasuka ukili, akangoja,
na adhuhuri ndipo akafungua kibanda.
Haba na haba hujaza kibaba, watu husema.
Yeye alijua jua nalo hujaza
na halidai ujira.
Kwa mwezi ilikuwa lita nne hivi:
madaftari yangu, na kalamu ya risasi.
Mpaka leo sijaamua kama ule ulikuwa wizi.
Ninachojua, nalipwa mshahara mzuri
kuliondoa jua kwenye hesabu za watu.

Nikapiga simu Marathon.
Bwana Hrycay akasikiliza, akavuta pumzi.
"Lakini nililipia elfu thelathini na nane."
Nikamwambia, ulilipia elfu thelathini na saba
mia saba na kumi na sita. Soma mstari wa chini,
ule wenye herufi ndogo, ulioweka sahihi juu yake.
Nikasikia karatasi ikigeuzwa.
Nikasikia kiti cha plastiki kikisukumwa nyuma.
Kisha sauti nyingine, kavu, ya mtu asiyelala:
"Naomba umwambie na mke wangu
kwamba nilikuwa Wawa."

Nikaiosha haidromita, nikaipangusa.
Kwenye daftari nikaandika: hakuna kilichopotea.
Nikakata kwa rula, maana hiyo si lugha ya maabara,
nikaandika chini yake:
tofauti, lita 1,082. Sababu, baridi.