Mpira Uliovuka Mtaro

Mtaa wetu unaitwa Kisulisuli
na jina halikutoka mbali:
Februari vumbi la Nakuru huinuka, likazunguka peke yake barabarani,
likaja kulala juu ya boneti niliyoimaliza sasa hivi.

Miaka sita nimeng'arisha magari kwa pumzi ya Kiprugut.
Yeye ni wa panchari, ng'ambo ya mtaro.
Kompresa yake hukohoa, hutetemeka, hunguruma,
na mpira mwekundu huvuka maji machafu
hadi mkononi mwangu, kama kitovu kisichokatwa.
Shilingi mia kwa saa.
Siku kavu, tunaandika ukutani kwa chaki.

Sasa nina elfu kumi na nane ndani ya kopo la polishi
na dukani mashine mbili, kaunta moja.

Ya hewa ni nyepesi, uzito wa papai.
Haina cheche hata nikisimama majini,
haipati joto ikaniunguza kiganja.
Lakini ina kiu. Tangi dogo hulimaliza kabla ya mlango mmoja,
kisha huzubaa,
na asubuhi za baridi hutema matone ya mafuta
juu ya rangi nyeusi ya gari la watu.

Ya umeme ni nzito. Kifundo cha mkono wangu
kiliijua habari hiyo kabla sijaishika.
Ina waya wa kuchunga kama mbuzi,
na stima ikipotea ni jiwe lenye kishikio.
Ila ikishika kasi, imeshika. Ilemee, hailegei.

"Hewa ni ya bure, Nyaboke," muuzaji akasema.
Nikacheka. Bure ipi?
Kompresa nayo hula tokeni.
Upepo wa bure ni ule wa mtaani kwetu,
na huo sijawahi kuuagiza.

Nikachukua ya umeme.

Jumatatu nikachomeka. Ikavuma kama nyuki mmoja.
Kwa mara ya kwanza nikaisikia rangi yenyewe:
polishi inapokauka, sponji inapoanza kuteleza,
na ng'ambo, Kiprugut akipiga mluzi.
Miaka sita, sikujua anapiga mluzi.
Maneno yetu yote yalikuwa
"Fungua!" na "Funga!" na "Imejaa!"

Mpira ameukunja, ameutundika msumarini.
Hakuuliza. Nami sikueleza.

Saa tisa nikamaliza. Unga mweupe
umejificha kwenye nembo, kwenye mianya ya taa,
pale kitambaa kisipofika wala ukucha.
Nikasimama ukingoni mwa mtaro.
"Kiprugut! Niazime pumzi."

Akakohoa yeye kwanza, kisha kompresa.
Mpira ukaruka, nikaudaka.
"Ni mia bado?" nikapaza sauti.
Akajibu. Nikaona midomo tu,
kompresa ikalimeza jibu.

Nikapuliza.