Kutoka Nne Hadi Tatu

Fomu ina kurasa sita. Kalamu ni ya hospitali,
imefungwa uzi isitoroke.
Barnabás ameketi upande wa dirisha. Nje, Szeged,
theluji ya Februari imekalia viti vya baiskeli.
Nasema, "Tutazungumza kama dakika arubaini."
Anasema, "Haya."

Hesabu yake tulifundishwa mapema:
chanya si kizuri, hasi si kibaya.
Chanya ni kilichoongezwa: sauti zilizomwita usiku
kwa jina la babu yake marehemu,
majirani waliosoma mawazo yake kupitia ukuta.
Hizo zimenyamazishwa na dawa tangu kiangazi.
Hasi ni kilichotolewa,
na kazi yangu ni kupima shimo
bila kulifukia kwa huruma.

Kapu la kwanza: yanayojitokeza.
Uso. Nyusi. Mikono inaposimulia.
Sauti, kama inapanda na kushuka
au imelala kama uwanda wa kwao
usio na kilima hata cha kukalia.
Maneno mangapi humtoka asipoombwa.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa.
Nimeusubiri mshindo. Kimya
kilikuwa kimya.

Kapu la pili halionekani, huulizwa:
hamu ya kuanza jambo, raha, haja ya watu.

"Wiki iliyopita, nini kilikufurahisha?"
"Supu."
"Supu gani?"
"Ya samaki. Ya mama."
"Na wiki ijayo, unatazamia nini?"

Anaangalia mikono yake.
Saa ya ukutani inahesabu kwa niaba yetu.
Mara nyingi ndivyo huwa: ulimi bado unaonja,
kilichokatika ni yale mate
yanayotangulia sahani.

Sifuri ni mzima, sita ni mbali.
Naandika: uso nne. Sauti tano. Maneno nne.
Marafiki tano. Hamu nne.
Daktari Etelka, aliyekaa kando, ameupa uso tatu,
na tunabishana kwa kunong'ona kama wachuuzi
wanaoshukiana mizani:
uso huu umekazwa na ugonjwa
au na sindano ya kila mwezi?
Au ni huzuni, yenye ngazi yake nyingine?
Marafiki hawataki, au wao ndio
walioifuta namba yake ya simu?
Fomu inataka tusichanganye.
Maisha yake yalichanganya kabla hatujafika.

Nilikwisha kutia saini
toroli la chai lilipopita koridoni, gurudumu moja likilia.
Barnabás akainuka.
Miaka tisa alinyoosha rimu za baiskeli
katika karakana ya mjomba wake, hilo liko kwenye faili.
Akapiga goti. Akalizungusha gurudumu kwa kidole,
akatega sikio, akaomba
(akaomba!) bisibisi.
Hatukuwa nayo. Akatumia ufunguo wa nyumba yao.

Uso wake haukubadilika. Naapa haukubadilika;
nne yangu ya uso bado naishikilia.
Lakini ile ya hamu niliikata kwa mstari mmoja,
nikaandika tatu,
na herufi za jina langu pembeni, kama kanuni inavyotaka.
Toroli likaenda zake. Bado lililia, kidogo.

Mama yake, Piroska, alikuwa akingoja
na kofia ya sufu mapajani.
"Amepata ngapi?"
Nikaanza kueleza kwamba haijumlishwi hivyo,
kwamba makapu mawili hayamwagwi pipa moja.
Akanikatiza: "Ndogo ndiyo nzuri?"
"Ndogo ndiyo nzuri."
Akaigeuza kofia, akaigeuza tena.
"Jumatano alinyoa ndevu. Hakuna aliyemwambia.
Hilo umeliandika?"

Nikafungua ukurasa wa nne,
nikapitisha kidole mstari kwa mstari.
Swali lilikuwepo. Sikuwa nimeliuliza.